Kupunguziwa Dawa Si Kukatiwa Tamaa



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola aliyeumba kila kitu kwa kipimo, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Juma hili tumeona tuijibu barua iliyotufikia kutoka kwa ndugu watatu wakaao mtaa wa Umoja, hapa Nairobi. Tumeijibu hadharani, baada ya kupata idhini yao na kuyaficha majina yao, kwa kuwa jambo lililowasibu limo katika nyumba nyingi za Eastlands, tangu Pumwani na Shauri Moyo hata Kayole na Dandora. Nyumba hizo ndizo zinazowapokea wazee wetu wanaoletwa kutoka Lamu, Malindi, Mombasa na Kwale kuja kutafuta matibabu. Chumba cha watoto hugeuzwa chumba cha mgonjwa, na sebule ikawa baraza la mashauri, na aghalabu mashauri hayo huishia katika magombano.

Kisa chao, kwa ufupi, ni hiki. Baba yao, mzee wa miaka 71, alianza kwa kulalamika maumivu ya chembe cha moyo. Akila tonge mbili tatu hushiba, na mwili ukawa unapungua. Muda mrefu alitumia dawa za asidi za dukani kwa kudhani ni vidonda vya tumbo. Alipoletwa Nairobi na kuingizwa kamera ya tumbo, ikadhihirika kuwa ni saratani ya mfuko wa chakula, nayo imekwisha kufika kwenye ini. Akaanzishiwa dawa ambazo watu wetu huziita kemo: dripu ya oksaliplatini siku ya kwanza, kisha tembe za kapesitabini asubuhi na jioni kwa siku 14, kisha mapumziko ya juma moja, ndipo duru huanza upya.

Duru ya pili ilimlaza. Alitoka vidonda mdomoni hata uji ukawa haupiti, akaharisha mara saba na nane kwa siku, na viganja vikawaka na kubambuka. Tabibu akasimamisha dawa mpaka mzee apate nafuu, kisha akamrudishia kwa kipimo kilichopunguzwa robo. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Kaka mkubwa asema hospitali imeanza kumkatia tamaa baba kwa kuwa ni mzee, au yabana dawa. Binti anayemuuguza asema baba asipunguziwe tu, bali aachishwe kabisa. Naye ndugu yao aliye Muscat ameandika katika kundi la familia la WhatsApp kwamba ng'ambo dawa hupimwa ndani ya damu ya mgonjwa ndipo ikakadiriwa, basi na liuzwe shamba la minazi la baba, mzee apelekwe India. Watuuliza mambo matatu: Je, kupunguza dawa ni hiana? Kipimo hicho cha damu ni kweli, na je, ni wajibu kukitafuta? Na shamba, je, liuzwe?

Sisi si matabibu. Tuliyoyaandika hapa kuhusu dawa tumeyatoa katika yaliyochapishwa na wajuzi wa fani hiyo, na ya sheria tumeyatoa kwa masheikh waliotusomesha. Mwenye uamuzi juu ya dawa ya mgonjwa ni tabibu anayemwona, si gazeti.

Dawa hukadiriwa vipi

Yafaa kwanza tuijue dawa yenyewe. Dawa hizi huua chembe za mwili zinazojigawa kwa haraka. Saratani hujigawa kwa haraka. Lakini vivyo hivyo utando wa mdomo, ngozi ya ndani ya utumbo, mizizi ya nywele, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Kwa hiyo dawa ile ile inayoipiga saratani humpiga na mwenye saratani. Kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru pana njia nyembamba, na kazi kubwa ya tabibu ni kumpitisha mgonjwa katika njia hiyo bila kumtumbukiza upande wowote.

Tangu miaka mingi, njia ya kukadiria imekuwa ni kuchukua urefu na uzani wa mgonjwa, kisha kukokotoa ukubwa wa ngozi ya mwili wake kwa mita za mraba. Ndiyo sababu mgonjwa husimamishwa juu ya mizani kila aendapo kliniki. Hesabu mashuhuri kuliko zote katika jambo hili ilitungwa New York mwaka 1916 na Delafield Du Bois na Eugene Du Bois, ambao walipima miili ya watu 9 tu. Nao walikuwa wakichunguza namna mwili unavyotumia nishati, si namna unavyotumia dawa. Dawa za saratani hazijakuwapo wakati huo. Hesabu hiyo ikarithiwa baadaye na wenye dawa, kwa kuwa ilikuwa karibu na mkono.

Hesabu hiyo si batili, ila haitoshi. Ngozi haiwezi kutuambia ini na figo zinafanya kazi kiasi gani. Tuchukue dawa ya fluorourasili, iliyotangazwa mwaka 1957 na Charles Heidelberger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani. Hadi leo ndiyo nguzo ya matibabu ya saratani ya tumbo na ya utumbo mpana, na zile tembe za kapesitabini za mzee wetu, zikishamezwa, hugeuka kuwa fluorourasili hiyo hiyo ndani ya mwili. Zaidi ya asilimia 80 ya dawa hii huvunjwavunjwa na kutolewa nguvu, hasa ndani ya ini, kwa kimeng'enya kiitwacho kwa ufupi DPD. Wapo watu ambao kimeng'enya chao ni kikali, dawa haikai. Na wapo ambao chao ni dhaifu, dawa ikarundikana. Ni mfano wa mitungi miwili ya ukubwa mmoja, mmoja una tundu dogo chini na mwingine una tundu kubwa. Ukiimiminia maji sawasawa, yatakayobaki ndani hayatakuwa sawa. Anayeitazama mitungi kwa nje hawezi kujua.

Hatari ya jambo hili ilidhihirika Japani mwaka 1993. Ilitolewa sokoni dawa mpya ya mkanda wa jeshi, iitwayo sorivudini. Ndani ya mwili, dawa hiyo hugeuka kitu kinachokizima kabisa kimeng'enya cha DPD. Wagonjwa wa saratani waliokuwa wakitumia dawa za jamii ya fluorourasili wakapewa na hiyo ya mkanda wa jeshi, na katika muda wa siku 40 hivi watu 15 walikuwa wamekufa. Dozi yao ya saratani haikuongezwa hata chembe. Kilichobadilika ni kiasi kilichobaki ndani ya damu.

Damu nayo hupimwa

Basi ndugu yao wa Muscat hakusema uwongo. Kipimo hicho kipo. Mgonjwa anayetiwa fluorourasili kwa dripu ya saa nyingi huchukuliwa damu wakati dripu bado inapita, tena kutoka mkono mwingine usio na dripu, na maabara ikapima ni kiasi gani cha dawa kimo ndani ya damu hiyo. Kikiwa chini ya kiwango kilichokusudiwa, duru ifuatayo huongezwa, kikizidi, hupunguzwa.

Utafiti uliojulikana zaidi ulifanywa Ufaransa na Erick Gamelin na wenzake, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Walichukua wagonjwa 208 wa saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa, wakawagawa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa dawa kwa hesabu ya ngozi, jingine likarekebishiwa dozi kwa kupimwa damu. Katika fungu la kwanza, wagonjwa ambao uvimbe wao ulinywea kwa kiasi cha kuhesabika walikuwa asilimia 18. Katika fungu la pili walikuwa karibu asilimia 34. Kuharisha kukali nako kulipungua katika fungu la pili. Kuna jambo hapa ambalo kaka mkubwa na alitafakari: wengi katika fungu hilo waliopimwa damu waliongezewa dawa, hawakupunguziwa. Kipimo cha kweli hakina upendeleo. Humwongezea anayestahili kuongezewa, na humpunguzia anayestahili kupunguziwa.

Hata hivyo insafu yatutaka tuyaseme na haya. Utafiti huo ulikuwa wa utumbo mpana, si wa mfuko wa chakula. Katika saratani ya tumbo elimu hii inafuata nyuma, kwa kuwa mgonjwa wake aghalabu hupewa dawa mbili au tatu kwa pamoja, na kipimo cha moja hakisemi habari za nyingine. Pili, njia hii imeimarika kwa dawa itolewayo kwa dripu ya saa nyingi. Kwa tembe za kapesitabini, ambazo ndizo alizoandikiwa mzee wetu, haijawa kanuni ya matabibu. Kwa hiyo hata angefikishwa kwenye maabara kubwa, kipimo kile alichokisikia ndugu wa Muscat si lazima kingemfaa. Tatu, kuitunza damu hiyo ni kazi ya uangalifu mkubwa. Chembe za damu huendelea kuila dawa hata ndani ya chupa, hivyo yapasa iwekwe kwenye barafu na itenganishwe upesi. Damu iliyochelewa katika msongamano wa magari wa Jogoo Road huweza kufika maabara ikiwa na habari za uwongo.

Kipimo hicho si cha kila siku katika hospitali zetu za umma. Lakini kipo kingine kinachokaribiana nacho, ambacho ni vyema familia zikijue ili ziulize mapema. Mwaka 2020 Shirika la Dawa la Ulaya lilishauri kwamba kila mgonjwa apimwe nguvu ya kimeng'enya cha DPD kabla hajaanza fluorourasili au kapesitabini. Hufanywa kwa kupima kiasi cha urasili katika damu, au kwa kuchunguza vinasaba. Hapa pana nukta inayotuhusu sisi Waafrika. Kasoro za vinasaba zinazotafutwa kwa kawaida ni zile zilizogunduliwa kwa Wazungu. Watu wenye asili ya Kiafrika wana kasoro yao, iitwayo Y186C, ambayo kwa Wazungu ni adimu, na kwa watu wenye asili yetu hupatikana kwa wachache, takriban 3 hadi 5 katika kila 100. Anayepimwa kwa orodha ya wengine aweza kuambiwa yu salama ilhali la kwake halikutazamwa. Kwa hiyo anayelipia kipimo hiki na aulize: je, orodha yenu ina hiyo ya Kiafrika?

Tusidhani kwamba kupima na kurekebisha ni elimu ya ng'ambo tu. Mapema katika miaka ya 1960, katika hospitali ambayo leo ni Kenyatta na wakati ule ikiitwa King George VI, tabibu Peter Clifford alikuwa akiwatibu watoto wenye uvimbe wa taya kwa dawa za saratani, naye Denis Burkitt akifanya hivyo Kampala. Wakaona baadhi ya watoto wakipona kwa dozi chache tu. Mojawapo ya dawa zile, metotreksati, leo ikitolewa kwa wingi duniani kote, damu ya mgonjwa hupimwa mara kwa mara mpaka dawa ishuke kufikia kiwango cha salama.

Wala kwa Waislamu si jambo geni. Al-Kindi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, aliandika risala nzima ya kukokotoa nguvu ya dawa iliyochanganywa, akitumia hesabu za uwiano, kwa kuwa hakuridhika kwamba tabibu akisie. Na katika miji ya Kiislamu, muhtasib aliyekagua mizani za sokoni alikagua pia mizani za wauza dawa. Mola wetu ameiweka mizani na akatukataza kuipunja na kuipindukia. Aliyesoma hayo hawezi kushangaa kwamba dawa nayo ina haki yake ya kipimo.

Je, dozi ndogo ni dozi hafifu?

Sasa twafika kwenye donda la kaka mkubwa. Yeye aona kwamba robo iliyoondolewa ni robo ya uhai wa baba.

Uingereza walilichunguza jambo hili hili. Wagonjwa 514 wa saratani ya tumbo na ya umio iliyokwisha kusambaa, wote wakiwa wazee au wadhaifu wasioweza matibabu makali, walipewa dawa zile zile mbili alizoandikiwa mzee wetu, oksaliplatini na kapesitabini. Baadhi walipewa dozi kamili, baadhi asilimia 80, na baadhi asilimia 60. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Dozi ya asilimia 60 haikuonekana kuwa duni katika kuizuia saratani, na waliopewa dozi hiyo waliteseka kidogo zaidi na wakaishi siku zao kwa hali bora zaidi. Tabibu aliyempunguzia mzee robo, akabakishiwa asilimia 75, hakutoka nje ya elimu. Yumo katikati yake.

Tuseme pia upande wa pili, asije mtu akalichukua jambo hili mahali pasipo pake. Ikiwa saratani haijasambaa na mgonjwa anaandaliwa upasuaji wa kuiondoa, mizani hubadilika, na matabibu huvumilia ukali zaidi kwa tamaa ya kuponya kabisa. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2019, wagonjwa 716 walipewa dawa kabla na baada ya upasuaji. Waliopewa mchanganyiko mpya wa dawa nne waliishi kwa wastani wa miezi 50, na wale wa mchanganyiko wa zamani miezi 35. Lakini hata katika hao walioishi zaidi, waliomaliza duru zote nane walikuwa chini ya nusu. Wengine walisimamishwa njiani, na bado fungu lao lilikuwa mbele.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: kupunguza dawa baada ya madhara makubwa si hiana wala si kukata tamaa. Ndiko kupima kwenyewe. Vidonda vya mdomo na kuharisha kwa mzee vilikuwa ni habari kutoka ndani ya damu yake, zikisema kwamba kwa mwili wake kipimo kile kilizidi. Naye binti atakaye dawa iachwe kabisa, twamwambia kwa upole: mwache kwanza baba ajaribu kipimo kipya. Aliyeungua kwa chai ya moto si lazima aache chai. Na aingoje ipoe.

Hukumu ya sheria

Katika madhehebu yetu ya Shafi, kujitibu ni sunna, na Mtume (s.a.w.) alituhimiza tujitibu na akatufundisha kwamba kila maradhi yana dawa yake. Lakini wanazuoni wetu hawakumlazimisha mgonjwa atafute kila tiba iliyoko duniani, hasa ambayo faida yake haijathibiti kwake. Kwa hiyo kipimo cha damu si wajibu juu ya familia hii. Kikipatikana karibu na tabibu akaona kina faida, ni jambo jema. Kisipopatikana, hakuna dhambi, wala mtu asibebe lawama kifuani kwamba alimdhulumu baba yake.

Kuhusu shamba, jibu letu ni fupi. Shamba ni mali ya mzee. Yu hai na akili zake timamu. Watoto hawana haki ya kuliuza wala kulizuia lisiuzwe, na mirathi haijawa mirathi. Akitaka kuliuza ajitibu, ni haki yake, wala kujitibu kwa mali yake mwenyewe hakuhesabiwi kuwa ni zawadi ya mgonjwa inayofungwa na theluthi. Akitaka libaki, nalo ni lake. Kosa tulionalo ni kwamba katika kurasa nne za barua hatukusoma mahali popote ambapo mzee mwenyewe aliulizwa. Watoto wamelifungua baraza wakamwacha chumbani. Aulizwe, tena aulizwe baada ya kuelezwa ukweli kwa lugha aijuayo: maradhi yamefika wapi, dawa yaweza nini na haiwezi nini, na safari itagharimu kiasi gani. Twaona ni vyema pia kabla ya kugusa shamba waulize kwenye meza ya bima. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF, na fungu lake la saratani lina kikomo kwa kila familia kwa mwaka. Wajue kilichobaki, wapange duru kwa hesabu hiyo.

Wajibu wa nyumba

Mahali ambapo maabara haimpimi mgonjwa damu kwa ajili ya dawa, kipimo kikubwa kinachobaki ni macho ya wanaomuuguza. Kabla ya kila duru hospitali hupima wingi wa chembe za damu, figo na ini, na uzani wa mwili. Yaliyosalia tabibu huyapata mdomoni mwa mgonjwa na mwa jamaa zake. Wakimficha, anakadiria gizani. Kwa hiyo twausia mambo haya.

Liwekwe daftari. Kila siku iandikwe: amekula nini, ameharisha mara ngapi, mdomo u hali gani, viganja na nyayo je, joto la mwili ni kiasi gani. Daftari hilo liende kliniki pamoja na kadi. Wazee wetu wana murua, na tabibu akiwauliza habari zao husema "Alhamdulillahi, sijambo". Kumshukuru Mola ni ibada, lakini tabibu naye ahitaji kujua idadi. Aseme Alhamdulillahi, kisha aseme ameharisha mara saba.

Homa haingojewi asubuhi. Katika juma la pili baada ya dawa, kinga ya mwili huwa chini kabisa. Joto likifika digrii 38, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane, na waambiwe wazi kuwa yu katika dawa za saratani. Asipewe panadol akalazwa, kwa kuwa itaishusha homa na kuuficha ugonjwa. Kuharisha kukizidi mara nne kuliko kawaida yake, au mdomo ukashindwa kupitisha maji, tembe zisimamishwe na hospitali ipigiwe simu siku hiyo hiyo.

Tembe zisipunguzwe nyumbani. Tumesikia wapo wanaomeza nusu ili dawa ifike mwisho wa mwezi, na wapo wanaomeza maradufu kufidia walizosahau. Wote wawili wanamdanganya tabibu bila kukusudia, kwa kuwa ataisoma damu na mwili akidhani dozi ni ile aliyoiandika.

Dawa nyingine zote zitajwe. Habari ya Japani itutoshe kuwa mazingatio. Habbat sauda, mwarobaini, mchanganyiko wa mganga wa Gikomba, dawa ya kuzuia damu kuganda, hata vitamini. Kwa mfano, vidonge vya asidi ya foliki, ambavyo watu huvinunua kwa kudhani vyaongeza damu, huweza kuzidisha ukali wa kapesitabini. Hatusemi kwamba dawa za Sunna hazina baraka. Twasema tabibu aambiwe. Na wale wanaotuma tiba katika makundi ya simu wakumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta.

Na Ramadhani ikiingia, mgonjwa huyu asifunge. Tembe zake humezwa baada ya chakula, asubuhi na jioni, na mwili unaoharisha hauwezi kukaa bila maji mchana kutwa. Ruhusa ya mgonjwa imetoka kwa Mola mwenyewe, na kuikataa zawadi ya Mola si uchamungu. Watoto wamtolee fidia kwa niaba yake, tena wamweleze ili moyo wake utulie.

Neno la mwisho ni kwa walio wazima. Maumivu ya chembe cha moyo yasiyokwisha, kushiba upesi, kukonda, au choo cheusi si mambo ya kunyamazishwa kwa dawa za asidi za dukani mwaka mzima. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi vya tumbo huletwa na kijidudu kiitwacho Helikobakta, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kukiweka kijidudu hicho mwaka 1994 katika orodha ya vinavyosababisha saratani ya tumbo. Hupimwa kwa choo au kwa pumzi, na hutibiwa kwa dawa za juma moja au mawili. Anayekitibu mapema amejikinga na mengi. Na mwenye umri mkubwa akionekana na dalili hizo, aombe kamera ya tumbo, asiridhike na chupa nyingine ya dawa nyeupe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu, Mponyaji ambaye hapana uponyaji ila kwake, awaponye wagonjwa wetu walio Umoja na kila mtaa, awape matabibu wetu ujuzi na huruma, awape wanaouguza subira na kauli njema baina yao, na atujaalie sote kuwa watu wa kipimo katika maneno, mali na matendo. Amin.

Wabillahi tawfiq.